Mzigo wa Mtu Mmoja

Edward Steere alipochapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliweka ndani yake orodha ndefu ya maneno. Kwenye herufi M limo neno mtumba. Maelezo yake ni mafupi: robota la bidhaa, lililofungwa kwa kadiri ya kubebwa na mtu mmoja.

Ukipita leo Mtaa wa Congo pale Kariakoo, au ukivuka kwenda soko la Karume, neno hilo hilo linanadiwa tangu asubuhi. Nguo za mitumba, viatu vya mitumba, mikoba na mashuka ya mitumba. Robota siku hizi tunaliita belo. Limebanwa kwa mashine nchi za mbali, likafungwa mikanda, likaja ndani ya kontena. Lakini kutoka stoo hadi kwenye meza ya muuzaji bado yupo mtu anayeinama, anategeshewa belo mgongoni, anajipanga pumzi, kisha anaondoka mbio mbio akipiga kelele watu wampishe.

Neno lipo, mzigo upo, na mbebaji yupo. Kamusi iliandika viwili vya kwanza. Huyo wa tatu ilimtaja kwa maneno mawili tu, mtu mmoja, na hapo alitajwa kama kipimo, jinsi tunavyosema pishi moja au kibaba kimoja. Ndiye ninayemtafuta katika makala haya. Namtafuta ndani ya kamusi za zamani za Kiswahili, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza na wageni, kwa sababu kamusi ina tabia ya kusema mambo ambayo mtunzi wake hakukusudia kuyasema. Maana ya neno huandikwa kwa uangalifu. Sentensi ya mfano huandikwa kwa haraka, na kwenye haraka hiyo hujulikana nani anasema, nani anaambiwa, na nani amebeba.

Kwanza tuwatazame Waingereza kwao, maana kazi hii waliianza huko. Kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ni cha Robert Cawdrey, cha mwaka 1604. Kilikuwa na maneno yapatayo 2,500, yale magumu tu, na kila neno likapewa neno jepesi la kulieleza. Mifano ya matumizi haikuwamo. Mtu aliyetaka kujua neno linakaaje ndani ya sentensi ilibidi akaulize kwingine.

Miaka 151 baadaye, mwaka 1755, Samuel Johnson alitoa kamusi yake mjini London. Mambo mawili yaliipa sifa. La kwanza ni ulimi wake. Alipoeleza shayiri aina ya oti, alisema kwa Waingereza ni chakula cha farasi na kwa watu wa Scotland ni chakula cha watu, na Waskoti hawajamsamehe hadi leo. La pili ndilo kubwa zaidi. Chini ya maneno aliweka mifano zaidi ya 100,000 iliyonukuliwa vitabuni, na kando ya mfano akataja mwenyewe: Shakespeare, Milton, Dryden, Biblia. Aliyetaka kubishana juu ya maana ya neno alionyeshwa shahidi kwa jina. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ilishika njia hiyo hiyo. Watu wa kujitolea walinakili sentensi kwenye vipande vya karatasi, wakiandika jina la mwandishi, kitabu na mwaka.

Kwa hiyo Waingereza walipokuja pwani yetu na kalamu zao, walikuwa tayari wanajua kwamba neno lina mwenyewe, na kwamba mwenyewe hutajwa.

*

Wa kwanza kukusanya Kiswahili kwa kiwango cha kamusi kubwa hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mjerumani aliyetumwa na misheni ya Kiingereza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki, yeye akabaki na kuendelea kuandika maneno. Johannes Rebmann alipomfuata mwaka 1846, kazi ilikuwa ya wawili, wakiishi Rabai, nje kidogo ya Mombasa. Kamusi ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, naye alikuwa amefariki Novemba 1881.

Kamusi hiyo si nyepesi kuisoma. Tahajia yake inababaisha, na Kiswahili chake ni Kimvita cha karne ya 19. Ukiizoea, hata hivyo, unakutana na mji mzima. Krapf hakuridhika kutoa neno la Kiingereza lililo sawa na la Kiswahili. Alieleza chombo kinavyoundwa, dawa inavyotumiwa, pepo wanavyopungwa, hili la mwisho akiliongezea hukumu yake ya kimisionari. Na aliandika sentensi, nyingi kweli kweli. Zinasikika kama za mtu aliyekaa barazani akasikiliza. Lakini aliyezisema hatajwi. Unasikia sauti ya mwanamke anayelalamikia bei, au ya nahodha anayengoja upepo, halafu nukta, halafu neno linalofuata.

Steere yeye alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya vyuo vikuu, ile iliyojulikana kwa kifupi UMCA. Wanafunzi wa mwanzo wa misheni hiyo walikuwa watoto waliotoka utumwani. Wengine manowari za Kiingereza ziliwatoa ndani ya majahazi yaliyokuwa yakiwasafirisha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Steere, aliyekuja kuwa askofu, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu pale Mkunazini, juu ya uwanja wa soko hilo.

Kwa hiyo si ajabu orodha yake ya maneno kujaa utumwa. Limo kitwana, mtumwa wa kiume aliye kijana. Limo kijakazi. Limo mzalia, mtumwa aliyezaliwa hapa hapa nchini na ambaye kwa hiyo thamani yake ni nyingine kuliko ya aliyeletwa juzi kutoka bara. Limo mjoli, mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Neno hili la mwisho ninalirudia mara nyingi. Bwana halihitaji, kwake wote ni watumwa wake. Linahitajiwa na mtumwa anapomtaja mwenziwe. Katika ukurasa uliojaa maneno ya kumwita mtu kwa kadiri anavyomilikiwa, mjoli ni neno la ndani, la watu wanaotazamana wao kwa wao. Mtu fulani alimfundisha Steere neno hilo. Yawezekana alikuwa akilitumia.

A. C. Madan, wa misheni hiyo hiyo, ndiye aliyeendeleza kazi. Mwaka 1894 alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na mwaka 1903 ya Kiswahili kwa Kiingereza, zote zikichapishwa Oxford. Kabla ya hapo, mwaka 1887, alikuwa amechapisha kitabu kiitwacho Kiungani, kwa jina la shule ya misheni iliyokuwa nje ya mji wa Unguja. Ndani yake, kwa tafsiri ya Kiingereza, wamo vijana wa shule wakisimulia walivyokamatwa kwao, walivyotembezwa hadi pwani, walivyouzwa na walivyookolewa. Madan, basi, aliishi na watu waliojua maana ya neno mateka kwa miili yao. Katika kitabu cha hadithi wanazungumza. Katika kamusi wamenyamaza, na maneno yao yamekuwa maneno ya Kiswahili kwa jumla.

Nadhani sababu inaonekana tukiuliza kamusi hizi ziliandikiwa nani. Ziliandikiwa mgeni aliyeshuka melini jana: padri, afisa, mfanyabiashara, bibi wa nyumba. Mgeni huyo hataki shahidi. Anataka kuelewa na kueleweka, na zaidi ya yote anataka kazi ifanyike. Ndiyo maana vitabu vya kujifunzia lugha vya wakati ule vimejaa vitenzi vya kuamrisha: lete, chukua, ondoa, pika, ngoja. Ukivisoma kurasa nyingi kwa mfululizo unaanza kumwona huyo mwingine asiyetajwa, anayeleta, anayechukua, anayeondoa, na ambaye jibu lake halikupewa nafasi zaidi ya ndiyo, bwana.

*

Tuchukue shina moja tulifuate hadi Kariakoo.

Pagaa, katika kamusi hizi, ni kubeba mzigo begani. Kutoka hapo tunapata mpagazi, na upagazi, na pagaza. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitembea kwa miguu ya wapagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32. Huo ndio mtumba. Nguo za Kimarekani, shanga na nyaya zilifungwa kwa kipimo hicho, kwa kuwa njia nzima hapakuwa na chombo kingine cha kupimia isipokuwa bega la mwanadamu.

Pagaa ina maana ya pili, na kamusi huiweka jirani na ya kwanza: pepo amempagaa. Mtu aliyepagawa amekaliwa na pepo, na pepo ndiye anayemwendesha. Lugha imeona mpagazi na aliyepandwa na pepo kuwa ndugu. Wote wawili juu yao kuna kitu kisicho chao, kinachoamua waende wapi. Siku hizi mashabiki wa muziki hupagawa kwa raha zao, hakuna aliyebeba kitu, na ni vizuri hivyo.

Kisha ikaja vita ya 1914. Waingereza waliunda kikosi cha wachukuzi kikaitwa Carrier Corps, na Wajerumani nao waliwakokota wapagazi wao kwa maelfu. Ilikuwa vita ya nchi isiyo na barabara na yenye mbung'o wa kuua farasi na punda, kwa hiyo risasi, unga na hata mizinga ilibebwa na watu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao bila kupigwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara damu, malaria na uchovu. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga kabla ya vita liligeuzwa kambi ya wachukuzi. Watu wa mji wakalisikia jina la Kiingereza, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kambi ya namna hiyo ilizaa jina lile lile, huko wakaliandika Kariokor.

Katikati ya mji, kwenye makutano ya barabara, ipo Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka wachukuzi pamoja na wapiganaji. Sanamu yenyewe, hata hivyo, ni ya askari peke yake, bunduki mkononi. Mchukuzi amepewa maneno, askari amepewa shaba.

Ukumbusho mkubwa wa wachukuzi, basi, ni jina la soko, na jina la mahali haliingizwi katika kamusi. Ukitafuta kwenye K hulipati. Na ukitafuta kwenye M, mtumba umeelezwa pasipo Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu hununua mitumba Kariakoo, na katika sentensi hiyo fupi mpagazi ametajwa mara mbili, katika bidhaa na katika mahali, bila yeyote kukusudia kumtaja. Hakuna kamusi iliyoyaweka maneno hayo mawili ukurasa mmoja. Soko limeyaweka pamoja.

*

Mwaka 1930, katika mji huu huu wa Dar es Salaam, ilianza kazi Kamati ya Lugha iliyohudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umeamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Katibu wa kwanza wa kamati alikuwa Frederick Johnson. Mwaka 1935 ilitoka kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ile kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyojengwa juu ya msingi wa Madan, ilitoka mwaka 1939. Johnson mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1937.

Wengi wetu tuliopita sekondari tumewahi kuishika kamusi ile, au nakala iliyochapwa upya, jalada limeachana na kurasa. Kazi yake ni kubwa na sitaki kuibeza. Ina methali, ina misemo, ina maana ndogo ndogo ambazo hata kamusi za karibuni zimeziacha. Ina pia tabia iliyotusumbua tukiwa wanafunzi: maneno mengi yamepangwa chini ya mashina yake. Humo ndimo unapogundua, ukifuata shina tuma, kwamba mtume na mtumwa wametoka tumbo moja. Wote wametumwa. Tofauti ni aliyewatuma.

Johnson huyu wa Dar es Salaam ana jina la ukoo sawa na yule wa London, na hapo ndipo tofauti inapouma. Yule wa mwaka 1755 alimwita kila shahidi kwa jina. Huyu wa mwaka 1939 alijaza mifano isiyo na mwenyewe. Mtu akasema, Waswahili husema, au sentensi tu, imesimama peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni.

Si kwamba mashahidi walikosekana. Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, aliyefariki miaka mia moja kabla, ambaye mashairi yake William Taylor aliyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Kulikuwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye kazi yake kuhusu desturi za Waswahili ilichapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903, ikieleza kwa Kiswahili fasaha mambo ya unyago, biashara, deni na safari. Na hapa hapa Dar es Salaam, Idara ya Elimu, ambayo Johnson alikuwa mtumishi wake, ilikuwa ikitoa Mambo Leo tangu mwaka 1923. Kila mwezi gazeti hilo lilipokea barua na mashairi kutoka kila pembe ya nchi, na waandishi walitia majina yao na miji yao kwa fahari. Sentensi zenye mwenyewe zilikuwa zikimiminika ofisini.

Mwaka huo huo wa 1939, Paris, ilitoka kamusi ya Padri Charles Sacleux, ya Kiswahili kwa Kifaransa. Sacleux aliyaonyesha maneno kwa lahaja zake: hili la Unguja, hili la Mvita, hili la Lamu. Hakutaja watu, lakini angalau alitaja kwao. Kamusi yake ilibaki mikononi mwa wataalamu. Iliyotufikia sisi ni ya Johnson, ambamo neno limeoshwa vumbi la mahali lilipotoka.

*

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Watunzi wake walianzia kwenye kazi za Johnson, lakini msomaji wao alikuwa mwingine. Hakuwa mgeni anayetaka kuamrisha. Alikuwa mwenye lugha anayetaka kuhakikisha. Jambo hilo peke yake liligeuza sentensi za mfano. Ndani yake watu wanalima, wanasoma, wanaugua, wanaoana, wanabishana. Aliyekuwa anaambiwa lete sasa anasema.

Sentensi hizo, hata hivyo, bado hazina majina. Hilo tulilirithi tukaliona la kawaida. Tunaandika neno, tunaeleza, tunabuni sentensi safi ya kulionyesha, tunaendelea. Nimewasikia watu wakisema kwamba Kiswahili ni lugha ya wote, kwa hiyo hakuna haja ya kumtaja yeyote. Neno zuri. Ila Kiingereza nacho ni cha wote, na hata hivyo Shakespeare ametajwa maelfu ya mara. Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla na Penina Muhando wana sentensi za kutosha kusimama chini ya neno lolote.

Na si waandishi tu. Chukua neno machinga. Wamachinga ni watu wa Lindi. Vijana wa kusini walipokuja mjini na bidhaa mikononi, jina la watu likawa jina la kazi, kisha likaingia katika hotuba za serikali. Neno hilo limetengenezwa barabarani, mbele ya macho yetu. Mitumba nayo: serikali iliizuia kwa miaka mingi baada ya uhuru, ikaja kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa. Kulikuwa na jina jingine lililoizunguka, kafa Ulaya, kwamba aliyeivaa kwanza amefia huko. Kafa Ulaya limefifia, mtumba limeshinda. Kwa nini neno la misafara lilishinda neno la utani? Mtu anayeweza kujibu hajazeeka sana. Alikuwa akiuza nguo mwaka 1985, na huenda leo anakaa Ilala au Temeke na wajukuu. Baada ya miaka 20 hatakuwapo.

Kuingiza neno mtumba ipasavyo katika kamusi kungehitaji maana tatu kwa mpangilio. Ya kwanza, mzigo wa mpagazi wa msafara, ratili 70. Ya pili, belo la nguo zilizokwisha kuvaliwa, linalokuja kwa meli. Ya tatu, kitu chochote kilichotumika kabla ya kukufikia, iwe suruali, friji au gari. Chini ya kila maana ingekaa sentensi moja iliyosemwa kweli, na kando yake jina la aliyeisema, mtaa na mwaka. Kwenye maana ya kwanza tumeshachelewa. Pale panabaki Steere na maneno yake mawili, mtu mmoja. Kwenye ya pili na ya tatu, waliosema wako Kariakoo saa hii, na wengine wana belo mgongoni.